Ngoma ya Mgeni Rasmi, Kinanda cha Mahafali

Kila msimu wa korosho ukikolea, minada ikishapita miwili mitatu na hela zikaanza kusoma kwenye simu, mabishano ya shule yanarudi upya. Hapa Mtwara anzia Chuno nenda Magomeni, panda Newala, vuka Lindi mjini, ni hayohayo: mtoto aendelee Kayumba, yaani shule ya serikali, au mwakani tumpeleke inglishi midiamu ya binafsi? Zamani hoja ilikuwa kingereza tu. Siku hizi wazazi wameongeza nyingine, utasikia "kule wanafundishwa mpaka muziki bwana, wanachora, kuna taekwondo, kuna siku wanatoka tua kutembelea mahali, huku kwetu ni chaki na fimbo basi". Anayesema hivyo hajakosea kabisa, ila ameona nusu.

Mimi nasema hivi. Sanaa kwa mtoto wa kusini ipo, tena ipo ya kumwaga, ila inaishi nje ya darasa. Shule ya serikali inaiazima wageni wakija. Shule binafsi inaifungasha inamuuzia mzazi siku ya mahafali. Ukiuliza kipindi cha kawaida kabisa, Jumanne saa nne asubuhi, hakuna mgeni hakuna kamera, mtoto ameshika nini mkononi, mara nyingi kote kuwili ameshika kalamu ananakili.

Nianze na Kayumba maana ndiko wengi tuliko. Nenda shule ya msingi yoyote siku ambayo mkuu wa wilaya anakuja kuzindua darasa. Kundi la ngoma limepangwa toka saa mbili, mgeni anafika saa sita, watoto wamefunga vitenge viunoni na njuga miguuni, jua linawaka, na bado wakianza wanacheza kweli. Sindimba ile, ngoma ya Wamakonde, ambayo baada ya uhuru ilizungushwa nchi nzima, hawa hawajafundishwa na mwalimu, wameipata kwa bibi na kwa majirani.

Mimi huwa napenda kuangalia kinachofanyika kabla hawajaanza. Ngoma ya ngozi ikikaa stoo inalegea, hasa masika, ukiigonga inalia kama boksi. Basi anatumwa mtoto mmoja, wa la tano au la sita, anakusanya makuti makavu anawasha nyuma ya choo cha walimu, anaizungusha ngozi juu ya moto taratibu bila kuiacha sehemu moja isije ikaungua, anagonga katikati na ncha za vidole, anagonga pembeni, anasikiliza, anairudisha tena kwenye moto. Anajua ile ndogo inatakiwa ilie juu kiasi gani ukilinganisha na kubwa. Mwalimu akipita anauliza tu "tayari?" anaondoka. Halafu wiki hiyohiyo mtoto huyohuyo kwenye sayansi ananakilishwa ubaoni kwamba sauti inatokana na mtetemo, na hakuna mtu aliyefikiria kwamba huyu mtetemo anaujua kwa vidole vyake, kwamba ile ngoma ingeingia darasani kipindi kile kingeisha kwa dakika kumi na wasingesahau maisha. Mgeni akiondoka ngoma zinarudi stoo, juu yake wanapanga majembe.

Ndivyo mambo yanavyokwenda, sanaa ya shule ya serikali inafuata kalenda ya wageni. Mwenge wa Uhuru ukija mnajiandaa. Mwaka 2023 Mwenge uliwashwa hapahapa Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona, halaiki ikapangwa ikapendeza. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, zilikuwa hapahapa pia, na mle mbali na mpira na riadha kuna sanaa za maonesho, kwaya na ngoma, mkoa kwa mkoa. Mambo mazuri sana wala sisemi yafutwe. Ila angalia nani anachaguliwa, ni yule ambaye tayari anajua. Anatolewa darasani, anawekwa kambini, anacheza, anarudi. Yule mwenye aibu anayekaa dawati la mwisho anamaliza la saba hajawahi kugusa ngoma ya shule yake hata siku moja, na hao ndio wengi.

Hela nayo tuongee ukweli. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, humo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Shule ya watoto 600 hiyo ni milioni 3 na laki 6, mwaka mzima, utoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa dawati na mlango, sasa rangi za maji zitatoka wapi? Januari 2018 hayati Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima, na kwa mzazi maskini ile ilikuwa nafuu kubwa, sibishi, lakini walimu wakuu wakaogopa mpaka kumpokea mzee anayetaka kuwapa ngozi ya mbuzi bure. Baadae kuchangia kwa hiari kwa vibali kukarudi ila woga wenyewe haujaisha. Ongeza na idadi, maana kwenye makaratasi ni mwalimu mmoja watoto 45, ila darasa la watoto mia sio hadithi kwetu, na watoto mia na boksi moja la kalamu za rangi, hapo hata mwalimu mwenye moyo anaishia kuchora yeye ubaoni wao wanaangalia.

Haya twende kwa wenzetu wa skul basi, hao wa shule binafsi.

Fomu ya kujiunga ina mstari wa klabu: muziki, uchoraji, kompyuta, taekwondo, na pembeni pameandikwa hela. Ukurasa wa nyuma picha za watoto wameshika brashi. Kisha inafika siku ya mahafali, chekechea wamevaa majoho kama maprofesa wa chuo kikuu, na pale mbele kuna kinanda. Ukisogea karibu utagundua kinanda kimewekwa demo, muziki unajipiga wenyewe, mtoto anabonyeza bonyeza tu juu yake, mzazi anarekodi na saa moja usiku iko statasi. Baada ya hapo inatangazwa ngoma ya asili. Mtoto ambaye babu yake yupo Tandahimba anatoka na sketi ya manyasi ya plastiki, usoni amepakwa chokaa, wimbo umepakuliwa mtandaoni haujulikani wa nchi gani, wanaruka ruka, makofi. Si ya Wamakonde ile, si ya Wayao, si ya Wamwera. Na wazazi waliokaa pale nusu yao wanaweza kucheza ya kweli wakiambiwa wasimame.

Lakini nisiwaonee. Kuna vitu viwili shule binafsi nzuri inavyo na sisi hatuna na tusijifanye havina maana. Cha kwanza kuna mtu anayelipwa kwa ajili ya kazi hiyo, hata kama anakuja mara mbili kwa wiki, ana jina, mzazi anaweza kumpigia simu akamuuliza mbona mtoto hachori. Cha pili watoto ni wachache na kila mmoja inafika zamu yake ya kusimama mbele kuongea. Hiki cha pili mimi nakithamini kuliko kinanda. Mtoto wa miaka minane anashika kipaza sauti anasema jina lake, anasimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo mpaka mwisho bila kujificha uso. Mtoto wetu wa Kayumba anacheza mbele ya uwanja mzima bila wasiwasi, ila mwambie aseme mwenyewe anaitwa nani na anapenda nini, anaanza kuangalia kidole gumba cha mguu. Kucheza kwenye kundi tumempa, kuongea peke yake tumemnyima, na hilo halihitaji bajeti wala nini.

Sasa kuna hesabu moja ambayo naona wazazi hawaipigi wanapolinganisha. Mtoto wa Kayumba saa tisa yupo nyumbani, akila anaenda madrasa. Kule kuna kaswida, kuna dufu, Maulidi ikikaribia ni mazoezi kila siku, wanapanga sauti, wanapanga namna ya kuyumba kwa pamoja, ustadh akisikia mmoja katoka nje ya sauti anasimamisha wote anamrudisha yule mpaka akae sawa. Hilo ni somo la muziki, tena la kweli, mwaka mzima, kwa hela ya ubuyu. Ukienda pande za Masasi na Ndanda ni kwaya ya watoto Jumamosi mchana. Waanglikana wamefika Masasi 1876, Wabenediktini Ndanda 1906, kwa hiyo kuimba kwa sauti nne sio jambo geni kule. Na jioni mtaani kuna rede, kuna nyimbo za kuruka kamba, kuna magari ya waya na ya maboksi ambayo yana usukani unaokata kona.

Wa inglishi midiamu je? Skul basi linampitia saa kumi na mbili alfajiri, linamshusha saa kumi na moja jioni akiwa amesinzia, begi limejaa homuweki. Madrasa amekosa, kwaya amekosa, rede amekosa, bibi yake anamuona likizo. Halafu shule ileile inamwandikia baba yake lipia klabu ya muziki. Yaani mtoto amenyang'anywa kwa ratiba, anarudishiwa kwa bei, na kinachorudishwa ni pungufu ya kilichochukuliwa. Mimi sisemi mtoe watoto huko, kila mtu anajua sababu zake na kingereza kina kazi yake, nasema tu ukikaa kupiga hesabu usiweke mstari wa klabu upande wa faida peke yake, kuna upande wa pili.

Na jando na unyago lazima nizitaje hata kama kuna watakaokunja sura. Ile ilikuwa shule, ilikuwa na nyimbo zake, ngoma zake, vinyago vyake, mafumbo yake, na walimu wake wakali. Humo ndani kuna mambo ambayo mtoto wa miaka tisa hatakiwi kuimbiwa, hilo tulikubali tusilifunike na utamaduni, na watoto kukimbia shule kisa wapo kumbini limetuumiza sana mikoa hii miwili, ndio maana halmashauri zinasisitiza zifanyike likizo. Ila shule, serikali na binafsi, imechukua njia rahisi ya kufanya kama kitu chote hakipo. Barakoa za mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, zipo makumbusho za Ulaya, watalii wanasafiri kuja kuziona, na mtoto wa Newala anamaliza la saba hajawahi kuambiwa darasani kwamba babu yake alikuwa msanii.

Kinachoua sanaa kote kuwili ni kimoja, nacho ni mtihani. La saba ina masomo sita, alama 300 jumla, na karibu yote ni kuchagua herufi na kushedi. Stadi za Kazi wameiunganisha na Maarifa ya Jamii kwenye karatasi moja, kwa hiyo mtoto ambaye anaweza kufinyanga chungu kikasimama anaulizwa ufinyanzi kwa kuchagua A mpaka E. Shule gani itatumia saa mbili kuchafua mikono kwa udongo wakati swali lenyewe linajibika kwa kukariri? Serikali wanaweka kambi za la nne na la saba, binafsi wanaweka rimedio na tyusheni mpaka Jumamosi, na kipindi cha kwanza kuliwa ni kile cha kuchora. Binafsi tena wana presha zaidi kwa sababu wastani wa mtihani ndio tangazo lao la biashara. NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora toka Januari 2023, lakini mabango ya barabarani hayajaacha, shule inajihesabia yenyewe na kujipa nafasi.

Na tusidhani ni umaskini wetu tu. Marekani walikuwa na walimu wa muziki kwenye shule nyingi za msingi za umma. Walipopitisha sheria yao ya No Child Left Behind, ikasainiwa Januari 2002, shule zikaanza kupimwa kwa kusoma na hesabu, na wilaya nyingi zikapunguza muda wa masomo mengine, sanaa ikiwemo, ili mtihani upite. Wao na hela zao. Kwa hiyo mzazi akiniambia shida ni vifaa huwa namsikiliza ila siridhiki, kwa sababu udongo wa mfinyanzi Newala haununuliwi.

Kitu kipya ni mtaala. Toka Januari 2024 kuna somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu, na la kwanza na la pili wana Utamaduni, Sanaa na Michezo. Ni somo kamili, lina kitabu cha Taasisi ya Elimu (TET), lina nafasi kwenye ratiba, na linawahusu wote, Kayumba na wa skul basi. Binafsi naona hii ndio nafasi kubwa kuliko klabu yoyote. Ila nimeshika daftari la mtoto wa jirani la somo hilo na kurasa zake ni hivi: Sanaa ni nini. Taja aina za sanaa. Taja faida tano za sanaa. Vema, vema, vema, wino mwekundu. Somo la sanaa limegeuzwa kuwa somo la kuandika habari za sanaa. Simlaumu mwalimu, amesomea hesabu, akapewa kitabu, akaambiwa fundisha. Zamani walimu wa muziki na sanaa walikuwa wanajulikana wanatoka chuo cha ualimu Butimba kule Mwanza, na hao wangapi utawagawa nchi nzima?

Hapo ndipo kusini tuna bahati ambayo hatuitumii. Kina mama wanaofinyanga wapo. Wachongaji wengi walishahamia Dar toka miaka ya 50, ukitaka kuona vinyago vya Kimakonde kwa wingi unapanda basi unaenda soko la vinyago la Mwenge hukohuko Dar, lakini waliobaki wapo. Vikundi vya ngoma vipo, tamasha la MaKuYa limeanza Mtwara 2008 kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na waliocheza pale sio watu wa kuokota. Mmoja wa hawa anaweza kuja shuleni mara moja kwa wiki, mwalimu wa darasa akiwa amekaa humohumo anasimamia nidhamu na anajifunza na yeye. Watu wanasema mpingo mgumu, una vibali, watoto watajikata. Nani kasema waanze na mpingo? George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa huku kusini 1934 na kazi zake zikaonyeshwa dunia nzima, alianza kuchonga mizizi ya muhogo, akaja mti laini, mpingo ukawa wa mwisho. Muhogo tunao. Wa kumlipa fundi nauli na chakula ni hela ambayo kamati ya shule inaweza kuiombea kibali, na shule binafsi hiyo haifiki hata robo ya kukodi yale majoho.

Wanafunzi wenyewe wala hawahitaji kushawishiwa. Muulize mtoto yeyote wa la nne Mtwara Konde Boy ni nani, atakujibu kabla hujamaliza swali, ni Harmonize, mwanamuziki wa kwetu. Wanajua kabisa mtu wa kwao anaweza kula kwa sanaa. Wasichojua ni kwamba inajifunzwa.

Tua nazo nizipitie harakaharaka maana zinaniudhi. Shule binafsi za huku zikitoa watoto zinawapeleka Dar wakapande lifti na kuona maduka makubwa. Kilwa Kisiwani ipo hapo Lindi, urithi wa dunia toka 1981, msikiti umesimama toka enzi za masultani. Tendaguru, hukohuko Lindi, ndiko ilikochimbwa mifupa ya yule mjusi mkubwa, dinosa, kati ya 1909 na 1913 ambaye leo amesimamishwa Berlin watoto wa Kijerumani wanaenda kumchora. Wa Lindi wanamsikia kwenye siasa tu, arudishwe asirudishwe. Shule ya serikali ya Mikindani nayo ina majumba ya karne zilizopita mtaa wa pili, inaweza kwenda kwa miguu na madaftari ikachora milango, nauli sifuri, na haiendi.

Kwa hiyo mzazi ambaye umeshika hela ya korosho unawaza pa kumpeleka mtoto, kabla hujaangalia picha za brashi omba kuona ratiba ya ukutani ya darasa la tatu, tafuta Sanaa na Michezo imewekwa saa ngapi, halafu omba daftari la mtoto yeyote. Likiwa limejaa "taja faida tano" umeshapata jibu, iwe Kayumba iwe ya milioni. Na sisi tunaobaki Kayumba, kikao cha wazazi cha Januari huwa tunaongelea chakula na uzio tu, hiki nacho kiingie ajenda. Mwaka 2027 la sita wa mtaala mpya na la saba wa zamani wanamaliza shule mwaka mmoja, madarasa mawili ya mtihani kwa mpigo, na mwalimu mkuu atakuwa anatafuta vipindi vya kuvunja awape rimedio. Mnajua ataanza na kipi. Afadhali akute tayari kimeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na fundi ameshaanza kuja.